Nimefika Ulaya, nakimbia lami: baiskeli, vumbi na vijiji vitupu vya Ufaransa

Ndugu zangu wa Singida hawanielewi kabisa. Mtu umefika Ulaya, lami imefika mpaka kwenye banda la ng'ombe, alafu wewe jumamosi unaamka saa kumi na moja alfajiri unaenda kutafuta vumbi kwa makusudi, tena na baiskeli. Shangazi yangu ndo mkali zaidi, alinitumia sauti WhatsApp anasema "yani sisi huku tunaomba tuwekewe lami, wewe mwenzetu unaikimbia?" Na jibu la kumridhisha shangazi sina, kwasababu kwetu baiskeli ni kazi, ni gunia la mkaa na madumu ya maji kwenye kerea, ukimwambia mtu umeendesha kilomita themanini huna mzigo na wala huendi kwa mtu yeyote anaona kichwani hakuko sawa.

Naishi Toulouse, kusini magharibi mwa Ufaransa. Nilikuja kusoma, nikapata kazi, nikabaki. Baiskeli yangu ni hizi wanaita graveli, kama hujawahi kuziona usukani wake umepinda chini kama wa baiskeli za mashindano ila tairi ni nene, za kwangu ni milimita 45, breki za diski na gia nyepesi za kupandia mlima. Niliinunua mtumba kwa jamaa aliyekuwa anahama mji. Na nisieleweke vibaya, mi sio mwanamichezo, kitambi ninacho, napitwa na wazee wa miaka sabini ambao wananipa bonjour huku wanapotelea mbele na hainiumi tena.

Sasa hapa Toulouse ukimwambia mtu yeyote unataka kuendesha mbali na magari atakwambia nenda Canal du Midi. Sio uongo. Ule mfereji ulichimbwa kuanzia 1666 mpaka 1681, mwenye wazo alikuwa Pierre-Paul Riquet, mkusanya kodi ya chumvi, na masikini alifariki miezi michache tu kabla haujafunguliwa. Urefu wake ni kilomita 240 kutoka Toulouse mpaka ziwa la Thau pembeni ya Mediterania, na kando yake kuna njia ambayo zamani farasi walipita wakivuta mashua kwa kamba. Kilomita kama 50 za mwanzo ni lami laini ya baiskeli, gari haipiti, pikipiki haipiti. Ila kuna kitu hawakuambii. Barabara kuu ya A61 inaenda sambamba na mfereji kwa sehemu kubwa, kuna mahali malori unayaona kabisa katikati ya miti, na lile vumo la matairi halikuachi. Mwili upo kwenye mfereji, masikio yapo barabarani. Na ikiwa jumapili ya jua ndo usiseme, familia nzima imetoka, watoto wanajifunza baiskeli, mbwa kafungwa kamba ya mita tano anavuka njia anavyotaka, unashinda unapiga kengele kama muuza aiskrimu.

Utulivu wenyewe, ule wa kusikia cheni yako mwenyewe, unaanzia Naurouze. Hapo ndo sehemu ya juu kabisa ya mfereji, mita 189 tu kutoka usawa wa bahari, na maji yakifika hapo yanagawana, mengine yanaelekea Atlantiki mengine Mediterania. Kichwa cha Riquet kiliuma hapohapo: mfereji ukiwa na kilele lazima upate maji ya kuujazia kwenye kilele, otherwise mashua zitakaa kwenye tope. Akayafuata mbali, kwenye milima ya Montagne Noire, likajengwa bwawa la Saint-Ferréol kuanzia 1667, na mitaro ya kuyaleta maji mpaka Naurouze. Ule mtaro wa bondeni wanauita Rigole de la Plaine, unatokea upande wa Revel, na pembeni yake mpaka leo kuna kinjia cha udongo na kokoto, majani yameota katikati, miti imefunika juu. Ukiuacha mfereji ukaingia pale, ndani ya dakika kumi A61 haipo tena. Imekufa. Unasikia ndege, unasikia maji kidogo, unasikia pumzi yako, na hiyo ya mwisho sio sauti nzuri sana kwa upande wangu.

Mtaro ule hauna haraka. Umechimbwa kufuata usawa wa ardhi ili maji yashuke taratibu bila kukimbia, kwahiyo haukati kona, unazunguka kila kilima, ukiona mnara wa kanisa kushoto baada ya muda upo mbele, baadaye upo kulia, baadaye tena upo nyuma yako, na bado hujafika popote. Mwanzo ilikuwa inaniudhi. Ila ndo nikaja kugundua siri ambayo imeniokoa magoti mpaka leo: maji na treni havipendi milima. Lauragais, yani hili eneo la kati ya Toulouse na Castelnaudary, ni vilima vitupu, barabara zake ndogo zinapanda na kushuka bila huruma, lakini ukitafuta kwenye ramani vitu ambavyo watu wa zamani walihitaji viwe bapa, mifereji, mitaro, reli zilizong'olewa, unaendesha siku nzima kama tambarare, na magari huko hayana ruhusa. Ufaransa wana njia nyingi za hivo. Ya kwanza kutengenezwa rasmi kwenye reli ya zamani ipo Burgundy, kati ya Givry na Cluny, ilifunguliwa 1997, na tangu hapo wameendelea tu kuongeza, kila mkoa na zake.

Ukimaliza mtaro unatokea Revel, na kama ni jumamosi umebahatika. Kuna soko katikati ya mji chini ya paa kubwa la mbao la tangu karne ya 14, maboriti yamekuwa meusi kabisa, na chini yake wanauza kila kitu, jibini, asali, kuku wa kuchoma wanaozunguka kwenye mashine mafuta yanadondokea viazi vilivyowekwa chini. Vile viazi aisee. Nanunua bakuli dogo nakaa kwenye kizingiti nakula na mikono yenye grisi ya cheni na hakuna anayenishangaa.

Njia nyingine ambazo nazipenda hata kuliko mtaro ni vijinjia vya kati ya mashamba. Ufaransa ina serikali za vijiji karibu 35,000, wao wanaita komyuni, na kila moja ina barabara zake ndogo na njia zake za udongo, ndo maana ukifungua ramani ya IGN, shirika la ramani la serikali, ile ya 1:25,000 unaona vistari vimejaa kila upande. Njia ambayo ramani inaiita chemin rural ni mali ya komyuni na ipo wazi kwa umma, pita kwa amani. Ikiwa imebandikwa kibao cha Propriété privée hiyo ni ya mtu, geuza. Mara nyingine kibao hakipo ila kuna mnyororo, au kuna mkulima kasimama na mikono kiunoni, hapo shuka kwenye baiskeli kwanza, salamu kwanza, maelezo baadaye. Hiki kitu nakirudia kwa kila mgeni ninayempeleka. Huku kijijini bonjour ina uzito wake, ukianza na swali bila salamu umeshaharibu, kama tu kwetu huwezi kumkuta mzee ukaanza na "kituo kiko wapi" bila shikamoo.

Kuna mama mzee mmoja nilimkuta kwenye kijiji kimoja juu ya kilima, anamwagilia maua mlangoni. Nikamsalimia, nikamuomba maji, akanijazia chupa. Akauliza natoka wapi, nikasema Toulouse, akacheka, "hapana, kabla ya Toulouse". Nikamwambia Singida, Tanzania, hajawahi kuisikia, akauliza mnalima nini huko. Nikaonyesha kidole chini bondeni. Alizeti! Mashamba ya Lauragais mwezi wa nane ni alizeti mpaka jicho linachoka, zimeinamisha vichwa vimekuwa vyeusi zinasubiri kuvunwa, na kwetu Singida hiyo ndo hela. Akafurahi kweli, tukaongea bei ya mafuta. Alafu akaanza kunihesabia: hapa palikuwa na mwoka mikate, pale mkahawa, ule mlango wa bluu alikuwa mhunzi, shule ilikuwa kule. Sasa hivi mkate unakuja na gari dogo asubuhi za siku maalumu, usipokuwepo umekosa. Nikamwambia mimi napenda huku sababu ni kimya. Akaniangalia. Akasema "wewe unakisikiliza saa mbili kisha unaondoka."

Hilo neno limekaa na mimi. Ukimya ninaoufuata kila wikiendi ndo huohuo uliofunga duka lake. Magari hayapo kwasababu watu hawapo. Shamba ambalo zamani lililisha familia kadhaa leo analilima mtu mmoja kwenye trekta lenye kiyoyozi, vijana wapo Toulouse, wapo kwenye ofisi kama mimi. Na kabla ya trekta kulikuwa na vita. Kila kijiji, hata kiwe na nyumba kumi, kina jiwe la kumbukumbu ya wanajeshi wa 1914 mpaka 1918, na Ufaransa ilipoteza zaidi ya milioni moja na laki tatu kwenye vita ile. Unasoma majina, unakuta ukoo mmoja mara tatu, mara nne, ndugu hao. Kuna sehemu orodha ni ndefu kuliko milango iliyo wazi leo. Mi huwa nasimama kidogo pale, nakunywa maji, nawaza kwamba vita hiyohiyo ilipita kwetu pia, Wajerumani na Waingereza walikimbizana nchi nzima huku wapagazi wetu wamebeba mizigo na kufa kwa njaa na magonjwa, na nani alichonga majina yao. Alafu napanda baiskeli naendelea, sababu siwezi kusimama pale siku nzima.

Haya turudi kwenye mambo ya tumbo, maana kijiji kisicho na watu hakina duka, na hapa ndo wageni wanapoumia. Usiende safari ndefu jumatatu. Narudia, jumatatu hapana. Mwoka mikate akifungua wikiendi anapumzika jumatatu, na wengi wanafanya hivo, unaweza kupita vijiji vitano vyote pazia limeshushwa. Siku za kawaida pia kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana, wengine mpaka saa tisa, kila kitu kinafungwa, ni muda wa kula, na usitegemee mtu atakuonea huruma akuuzie soda. Jumapili ni asubuhi tu. Siku hizi kuna vijiji wameweka mashine ya mkate ukutani, unatumbukiza sarafu, euro moja na senti kidogo, mkate mrefu unadondoka, ukibahatika bado una joto. Ukiiona mashine hiyo usiseme nitanunua mbele. Mbele hakuna. Mimi kwenye begi la usukani nabeba karanga, ndizi na mkate uliopakwa siagi ya karanga, wenzangu wana zile jeli za maabara, kila mtu na imani yake.

Maji ni hadithi nyingine. Waendesha baiskeli wa Ufaransa wote wanajua hii, maji yanapatikana makaburini. Karibu kila kijiji kina makaburi yenye ukuta pembeni ya mji, na ndani, mara nyingi karibu na geti, kuna bomba la watu kumwagilia maua, ndoo za kumwagilia zimetundikwa kwenye misumari, na maji yake mara nyingi ni yaleyale ya mjini. Angalia tu kibao, ikiwa imeandikwa eau non potable usinywe, kanawe uso uondoke. Mara ya kwanza mwenzangu aliponionyesha nilibaki nje ya geti kama mtoto, yeye yupo ndani anajaza chupa anapiga mluzi. Kwetu makaburini huingii bila sababu. Siku hizi naingia, nasalimia wenyewe kimoyomoyo, najaza, nafunga geti vizuri. Nilivyomsimulia mama kwenye simu alikaa kimya muda, akasema "mwanangu, kama una shida ya hela sema tu."

Upepo. Kwa watu wa Lauragais upepo una jina, wanauita autan, unatoka kusini mashariki unakuja Toulouse, ukiamka unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, na wenyewe wanasema unatia watu wazimu. Mi naamini. Ukitoka Toulouse kuelekea Castelnaudary siku ya autan unakanyaga pedali kwenye tambarare kwa gia ya mlima. Dawa yake ni rahisi, ingia na baiskeli kwenye treni ya mkoa asubuhi, shuka Castelnaudary au hata Carcassonne, alafu rudi nyumbani upepo unakusukuma mgongoni, unajiona bingwa. Siku upepo ukitoka magharibi fanya kinyume, nenda kwa baiskeli rudi kwa treni, na hiyo ina faida ya ziada maana Castelnaudary ndo kwao cassoulet, maharage meupe yaliyopikwa taratibu kwenye chungu pamoja na bata na soseji, na mtu aliyekula cassoulet mchana haendeshi baiskeli, analala kwenye treni.

Mvua ikinyesha hesabu zote zinabadilika. Udongo wa vile vilima ni mfinyanzi mzito, anayejua mbuga za Usukumani wakati wa masika anajua nachosema, unaingia njia ya shambani umetembea mita hamsini tope limejaa kati ya tairi na fremu, gurudumu halizunguki, unabeba baiskeli begani imekuwa na uzito mara mbili. Hapo kaa kwenye mtaro au kwenye mfereji, mashamba yaache mpaka jua lipige vizuri. Na kiangazi shida inageuka. Julai na Agosti joto linapita 35, na kwenye mfereji kivuli kimepungua kwasababu ile miti mikubwa ya mikuyu-ulaya wanayoiita platane imepata ugonjwa wa ukungu, uligunduliwa hapo kwenye mfereji 2006, hauna dawa, miti ilikuwa karibu 42,000 na imebidi wakate kwa maelfu, wakichoma na mizizi, wanapanda aina nyingine. Inasikitisha kupita kipande kilichokatwa. Ila miche ipo, inakua.

Kwenye pancha niseme kidogo. Ukishuka upande wa Mediterania, baada ya Carcassonne huko, utakutana na rafiki yetu wa utotoni: mbigili. Ndiyo, mbigili ileile, miiba ileile ya kutesa watoto wanaotembea pekupeku, imejilaza pembeni ya njia inasubiri tairi. Ndo maana nimetoa tyubu, natumia tairi zinazowekwa dawa ya maji ndani, mwiba ukiingia dawa inaziba yenyewe, ukiwa makini unaona kitone cheupe tu kinatoka unaendelea. Upepo naweka kidogo, kama bar 2 hivi, wengi wanajaza mpaka tairi linalia kama ngoma alafu wanalalamika kokoto inawapiga viganja. Tyubu moja ya akiba lazima, pampu, na viraka, maana fundi wa chini ya mwembe huku hakuna.

Kuanzia septemba mpaka mwisho wa februari ni msimu mkuu wa kuwinda. Kwenye misitu ya Montagne Noire jumapili asubuhi utakuta kibao kimeandikwa Chasse en cours, magari yamepaki pembeni, watu wamevaa rangi ya chungwa wanasaka nguruwe pori. Na wewe vaa chungwa. Piga kengele, ongea kwa sauti, au bora zaidi badilisha njia kabisa, sina haja ya kufia Ufaransa nimedhaniwa nguruwe.

Wakati huo wa vuli mi nahamia Passa Païs, njia ya reli ya zamani kutoka Mazamet kwenda Bédarieux, kama kilomita 80 za kokoto laini zilizoshindiliwa, hakuna gari hata moja isipokuwa pale inapokatiza barabara. Stesheni za zamani bado zipo, nyingine zimekuwa nyumba za watu, saa ya ukutani imesimama na nguo zimeanikwa kwenye jukwaa la abiria. Kuna mahandaki ya reli, chukua taa na koti, hata kukiwa na joto nje mle ndani ni baridi ya friji na maji yanadondoka shingoni. Oktoba njia nzima imejaa chestinati, njugu fulani za mti, zimedondoka na maganda yake ya miiba, unasikia zinapasuka chini ya tairi, na watu wa pale wanaokota na vikapu. Nami naokota, najaza mifuko ya nyuma ya jezi, nachoma kwenye oveni nikifika.

Binamu yangu wa Dodoma anakuja mwezi wa tano. Kaniomba jambo moja tu, nimpeleke akapige picha Mnara wa Eiffel. Nimemwambia hamna shida. Baiskeli nimeshamuazimia kwa jirani, tairi nimebadilisha, siti nimeshusha kwa kipimo chake. Yeye bado sijamwambia.